Kamba za Vipimo Ndani ya Vitabu vya Mama

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo imenirudia kichwani mara nyingi kuliko siku ya ndoa yangu, na sijawahi kukusimulia. Nilitaka niende nayo kaburini. Lakini juzi nilikuwa nimekaa hapa barazani, ukidhani mimi nkambo wako, bibi yako, nimesinzia, nikakusikia ukimwambia yule mama aliyeleta kitenge: "Hakuna haja ya kupima, mama, vipimo vyako viko katika telefone." Mama yule akasimama kidogo, akakuangalia, akaangalia njia, akakuachia kitenge chake akaenda. Alipotoka tu ukamwambia mwenzako, "Bale bantu tunabajua," yaani watu wale tunawajua. Nikafungua macho. Nilimsikia mtu mwingine akisema maneno kama hayo, zamani sana, na mtu huyo alikuwa mimi.

Basi leo weka mkasi chini. Kaa. Chai yangu iache hapo, nitainywa ikipoa.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Mji wetu bado uliitwa Elisabethville, na Katanga ilikuwa imejitangaza kuwa nchi, ina bendera yake, ina askari wake, na kila mtu mjini alianza kuulizwa ametoka wapi. Sisi tulikaa hapahapa Kamalondo, nyumba ya vyumba viwili na baraza. Baba alikuwa fundi wa vyuma katika karakana moja ng'ambo ya reli. Mama alishona. Wote wawili walizaliwa Kasai, jimbo jingine la mbali. Mimi na wadogo zangu wawili tulizaliwa hapa, na hiyo Kasai tuliijua kwa kusikia tu, kama mnavyoijua nyinyi Ulaya.

Mama yangu hukumkuta, ni bahati mbaya, mngepatana. Alikuwa mwembamba, mjanja, na mdomo wake haukukosa pini mbili tatu hata akiongea na padri. Alikuwa na cherehani ya mkono, ile ya kuzungusha gurudumu kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiongoza kitambaa. Alifundishwa kushona na masista, na masista walimfundisha kuandika vipimo katika daftari. Mama akajifunza, akashukuru, akafika nyumbani akafanya anavyotaka yeye. Alisema hakuna mwanamke anayependa kiuno chake kiandikwe kwenye karatasi, shemeji zake wakapita wakasoma. Kwa hiyo kila mteja alikuwa na kamba yake. Fundo la kwanza bega, la pili kifua, la tatu kiuno, la nne nyonga, la tano urefu. Mwishoni mwa kamba alifungia kipande cha kitambaa alichomshonea mteja huyo mara ya mwisho, ili aijue kamba ni ya nani.

Na kamba hizo alizihifadhi ndani ya vitabu vyake. Vitabu vilikuwa vitatu. Kimoja kikubwa cha ushonaji, chenye picha za wanawake wa Kizungu wasio na tumbo. Mama aliwahurumia sana, akasema hawana hata mahali pa kuweka bukari, ugali wetu. Kimoja cha ndege, alichopewa na sista mmoja aliyerudi kwao. Na cha tatu, alichokipenda kuliko vyote, kilikuwa hadithi ya Kifaransa isiyokuwa na jalada, kwa hiyo jina lake hatukulijua kamwe. Ilikuwa habari ya mjane mmoja mwenye nyumba ya wageni kando ya barabara. Vitabu vyote vitatu vilikuwa vimevimba kwa kamba, na vipande vya rangi vilichungulia kila upande.

Sasa sikia ujanja wake. Mchana alitukalisha barazani kupinda pindo. Kazi ya pindo unaijua ilivyo, inachosha mpaka machozi. Mama alifungua kitabu cha mjane, akasoma Kifaransa, akatugeuzia kwa Kiswahili, na akifika mahali pazuri, mahali moyo unapiga, pwap! anakifunga. "Pindo kwanza," anasema. Na sisi tulipinda kama wendawazimu! Nguo zake zilikuwa tayari kabla ya siku aliyoahidi, watu wakasema ana mikono sita. Kumbe alikuwa na mjane mmoja tu, na watoto wanaotaka kujua yatakayompata.

Mmoja wa watoto hao hakuwa wa nyumba yetu. Alikuwa Bernadette, binti wa Mama Feli, nyumba ya kuvukia barabara tu. Wao walikuwa wenyeji wa zamani, watu wa upande wa Kasenga, na Mama Feli aliuza samaki wakavu kutoka huko. Bernadette alikuja kila mchana kupinda pindo za watu bure, ili tu asikilize mjane. Tulishika gauni moja, mimi naanzia huku, yeye anaanzia kule, tunakutana katikati tukicheka. Pasaka ya mwaka uliotangulia mama alimshonea gauni la buluu, kola nyeupe, kwa shukrani. Lilikuwa gauni lake la pekee la maana. Alilivaa mpaka tukamchoka.

Halafu mambo yakaharibika. Sitakueleza siasa, sikuielewa wakati ule na hata sasa naielewa nusu. Nitakueleza bomba la maji. Siku moja nilikuwa kwenye foleni na ndoo yangu, wasichana wa mtaa wakaniambia nirudi kwetu Kasai nikanywe maji ya huko. Wakaisukuma ndoo yangu ikamwagika. Bernadette alikuwa palepale. Aliangalia chini, akanyamaza. Kunyamaza kwake kuliniuma kuliko ndoo na matusi yote. Kuanzia siku ile hakuja kupinda pindo, na Mama Feli akawa anapita mbele ya baraza letu bila kutusalimu, shingo imenyooka, kikapu kichwani. Mimi nikasema moyoni: haya, nao ni walewale.

Mama aliacha kamba ya Bernadette, yenye kipande cha buluu, kwenye ukurasa tulioishia katika kitabu cha mjane, na hakutusomea tena.

Sasa ndiyo tunafika kwenye siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi, kama saa tano. Mama alikuwa ameenda mtaa wa Golf kupeleka mapazia ya mteja. Baba alikuwa amelala, maana zamu yake ilianza saa nane. Nikasikia hodi. Nafungua, namwona Bernadette na kitambaa cha buluu amekikunja mikononi.

"Godé," akasema, "mama amenituma. Nakuya kupimisha."

"Mama haiko."

"Basi unipime weye."

Nilipaswa kumkaribisha ndani. Ndiyo desturi, na wewe unaijua: mtu hapimwi mlangoni. Anaingia, mlango unarudishwa, anasimama, unapitisha utepe mgongoni mwake mpaka kichwa chako kinakaribia sikio lake. Na mama alinifundisha tangu mdogo kwamba hapo ndipo wanawake husema. Mwanamke anaweza kukaa na jambo miezi, hajamwambia mumewe wala dada yake, siku ya kupimwa linamtoka. Mama alitania kwamba padri anapata mabaki tu. Nilijua yote hayo. Ndiyo maana sikutaka. Sikutaka shingo yake iwe karibu na uso wangu, nisije nikasahau kumkasirikia.

"Kamba yako iko," nikamwambia. "Leta hiyo tissu ya mukononi, enda."

"Ile kamba ni ya mwaka jana. Nilikuwa mudogo. Unipime, Godé."

"Nimesema kamba iko."

Akaangalia barabarani, kushoto, kulia. Akasema kwa sauti ya chini, "Tafazali. Dakika moja tu ndani."

Nami nikamjibu, "Bantu ba kwenu tunabajua." Nikamnyang'anya kitambaa, nikafunga mlango. Nilimsikia amesimama pale nje muda mrefu kidogo. Kisha viatu vyake vikaondoka.

Nikakaa nikiwa nimejaa ushindi. Nikatoa kamba ya mwaka jana kitabuni, nikakitandaza kitambaa mezani. Kilikuwa vipande vipande, kina vitundu vidogo vya sindano pembeni, nikacheka peke yangu: watu bahili hawa, wanaleta nguo kuukuu. Nikaifuata kamba ile, fundo kwa fundo, nikakata. Kwa makusudi sikuongeza hata kidole kimoja cha nafasi. Baba akaamka, akala, akanipiga kofi dogo la utani kichwani, akachukua baiskeli yake akaenda kazini. Ilikuwa saa saba.

Mama alirudi saa tisa. Aliona vipande mezani kabla hajatua kikapu.

"Nani alileta hii?"

"Bernadette. Asubuhi."

"Ulimupima?"

"Hapana. Kamba yake iko."

"Aliomba umupime?"

"Aliomba."

"Mara ngapi?"

Nikahesabu. "Mara tatu."

Mama akachukua kipande kimoja, akakiinua dirishani. Mwanga ukapita kwenye vile vitundu, mstari kwa mstari. "Ona," akasema polepole. "Hii mishono ilikuwa yangu. Hii ni ile robe ya Pasaka. Mutoto iko na robe moja tu ya muzuri, ameifumua yote. Juu ya nini?"

Mama hakungoja jibu. Akavaa utepe shingoni kama mtu anayekwenda kupima mteja, akavuka barabara kwa mwendo wa kawaida, akabisha kwa Mama Feli. Nikamwona anaingia, mlango unarudishwa. Aliporudi alitembea polepole hivyohivyo, lakini uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Papa iko wapi?"

"Ameenda kazi. Saa saba."

Mama akakaa kwenye kiti cha cherehani. Nadhani ni mara ya pekee niliyomwona amekaa pale bila kushona.

Mwanangu, neno lilikuwa fupi. Shemeji yake Mama Feli alikuwa amesikia kwamba mchana ule vijana wenye fimbo wangesimama kwenye njia ya reli, wawasimamishe wafanyakazi wa Kasai wanaokwenda zamu, kisha jioni wapite nyumba kwa nyumba. Mama Feli alikatazwa kutusalimu. Nyumba yao nayo ilikuwa inaangaliwa. Yule mwanamke wa shingo iliyonyooka alikuwa anatafuta njia ya kulifikisha neno masikioni mwetu. Wakaiona njia moja tu, msichana anayepeleka nguo kwa mshonaji. Lakini kitambaa kipya hawakuwa nacho, na madukani hakikupatikana. Basi Bernadette akalifumua gauni lake.

Baba Feli alipanda baiskeli kwenda kumtafuta baba. Akaikuta baiskeli ya baba imelala kando ya reli. Baba mwenyewe hakumpata.

Jioni ile tulikuwa ndani ya jiko la Mama Feli, katikati ya vikapu vya samaki. Cherehani iliwekwa chini ya kikapu kimoja na vitabu chini ya kingine. Mama Feli alikuwa analia. "Nilimutuma mapema, Mama Godé. Saa tano. Ningekuya miye, bangeniona."

Na mama yangu, ambaye alijua yote, ambaye angeweza kunitaja kwa jina mbele ya Bernadette na mama yake, akasema tu, "Alifika. Sisi njo hatukufungua."

Alisema sisi. Afadhali angenichapa.

Kesho yake asubuhi Mama Feli akatembea nasi mpaka kambi ya wakimbizi, anaongea kwa sauti, anacheka, kama tunakwenda sote sokoni. Sijaona mwanamke aliyeogopa vile akicheka vizuri vile. Siku ya tatu baba akatufuata kambini kwa miguu. Alikuwa mzima, ila mkono wa kulia. Waliuvunja vibaya, na ulipopona vidole havikufunga tena. Fundi wa vyuma, mwanangu. Hakushika nyundo mpaka anakufa.

Nilikaa na jambo hilo wiki nzima, kisha nikamwambia baba. Nikamwambia nilifunga mlango, na kwa nini. Nililia mpaka kwikwi. Baba akanisikiliza mpaka mwisho, akauangalia mkono wake uliofungwa bendeji. Halafu akasema, "Mama yako aliniambia. Nilingoja nisikie kwako." Akanituma maji. Hatukulizungumza tena, na hakunipunguzia upendo hata kidogo, jambo ambalo mpaka leo nalibeba kwa shida.

Mama alinipa adhabu yangu. Kambini wanawake walishona magauni kwa magunia ya unga, na wote walitaka wapimwe. Mama akanivika utepe wake shingoni. "Kila muntu upya," akasema. "Hata kama ulimupima jana. Na ukifika ku mabega, nyamaza, ungoje." Nikapima wanawake wa kambi nzima. Nikanyamaza, nikangoja. Mmoja aliniambia mwanawe hajulikani alipo. Mmoja aliniambia ana mimba na anaona haya kufurahi. Bibi mmoja hakuwa na neno lolote, alitaka tu mtu amguse mabega. Niliingia kambini nikiwa msichana mwenye hasira, nikatoka nikiwa mshonaji.

Mambo yalipotulia na ile nchi ya Katanga ikawa haipo tena, tulirudi Kamalondo. Mama Feli akatuletea cherehani na vitabu. Vilinuka samaki! Miaka mitano baadaye ukifungua kitabu cha ndege bado unasikia harufu ya Kasenga. Baba akaketi upande wa kulia wa cherehani, akazungusha gurudumu kwa mkono wa kushoto, mama akaongoza kitambaa kwa mikono yote miwili. Wakashona hivyo, watu wawili kwenye mashini moja, wakigombana kuhusu mwendo, mpaka uzee.

Na vile vipande vya buluu mama alikuwa amevitunza. Akaniwekea mezani. "Malizia kazi yako." Nilivikata vidogo mno, visingemtosha tena Bernadette hata kwa miujiza. Kwa hiyo nikalitoa gauni langu la kijani, nililolipenda, nikalifumua mshono kwa mshono, nipate vipande vya kuongezea mbavuni. Ndipo nikajua kufumua nguo yako unayoipenda kunavyokuwa. Unafika kwenye kola, mkono unasita. Yeye alifanya hivyo kwa ajili yetu, kisha nikamfungia mlango.

Nikavuka barabara, nikamwita. Akaja. Nikamkaribisha ndani, nikarudisha mlango, nikapitisha utepe mgongoni mwake. Nikafika mabegani, nikanyamaza, nikangoja. Nilidhani atasema kuhusu baba, au kuhusu mlango. Nilikuwa tayari aniambie lolote.

Akasogeza kichwa, akaninong'oneza sikioni: "Ule mama wa mu kitabu. Alifungua mulango?"

Maana ndipo tulipoishia, mwanangu. Mjane anasikia hodi, anasimama na taa, hajui kama afungue, na mama akafunga kitabu. Bernadette alikaa na swali hilo muda wote ule. Nilimshika nikalia begani kwake, utepe ukiwa bado umetuzunguka wote wawili. "Sijui," nikamwambia. "Nasi hatukusoma tena."

Na kutoka barazani, juu ya mlio wa cherehani, mama akaita, "Pindo kwanza!"

Tukakaa, mimi naanzia huku, yeye anaanzia kule. Mjane alifungua, kama unataka kujua. Aliogopa, akafungua. Bernadette alivaa gauni lile la buluu na mbavu za kijani mpaka likachakaa, na watu walidhani ni mtindo mpya.

Sasa nasaha yangu, na nitaisema wazi. Kipimo cha jana ni cha mtu wa jana. Mtu amekonda, amenenepa, amefiwa, ameogopa, ametubu, na wewe unamkatia nguo kwa fundo la mwaka uliopita. Nguo ikibana utasema yeye ndiye aliyebadilika vibaya. Usimpime mtu kwa kabila lake, wala kwa siku aliyonyamaza kwenye bomba. Huenda siku ile alikuwa na woga kama wako. Na mtu akikuomba jambo dogo mara tatu, jua si dogo. Mwache aingie, rudisha mlango, nyamaza ungoje.

Yule mama wa kitenge aliangalia njia kabla ya kuondoka. Wewe hukuona, mimi niliona. Nimetuma mtu amwite, nimesema nkambo anataka kumsalimu.

Mungu akupe mikono iliyotulia, mwanangu, na masikio yenye subira, na nyumba ambayo mwenye neno hashindwi kuingia. Akuzidishie wateja na marafiki wa kukutana nao katikati ya pindo. Haya, utepe uko wapi? Uvae shingoni. Namwona mama wa kitenge anavuka barabara.